Kocha wa Sakafu ya Magunia

Kocha hakupenda kusifiwa mbele ya watu, lakini ole wako usahau kwamba anastahili sifa. Ukimwita "bingwa" barabarani alikukata jicho. Ukimpita sokoni Mazwi bila kumwamkia, jioni yake mazoezini ulikimbia mpaka ukaona nyota. Sisi wasichana wake tulijifunza njia ya katikati. Unasema, "Shikamoo, Kocha," kisha unanyamaza na kumwachia aamue mwenyewe kama leo ni mtu mashuhuri au ni jirani tu.

Alikuwa mrefu kupita wanaume wote wa mtaa wetu. Sumbawanga ni mji wa baiskeli, na yeye akitembea kwa miguu, kichwa chake kilikuwa sawa na cha mtu aliyepanda. Mwenyewe hakujua kuendesha. Alikuwa amepanda ndege kwenda nchi ambazo sisi tulizisoma kwenye ramani tu, lakini ukimwambia akae nyuma kwenye karia umpeleke mahali, aliitazama ile baiskeli kama mtu anayetazama ng'ombe mkali, halafu akasema atatembea.

Wazee wa kilabu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, walimpa jina la Nguzo ya Umeme. Siku moja alipita pale na sisi tukiwa nyuma yake na mipira. Mmoja wao akapaza sauti, "Nguzo, habari za waya?" Wenzake wakacheka. Wakati huo mtaa mzima ulikuwa unatumia koroboi.

Kocha akasimama. "Nguzo ipo, babu," akasema kwa adabu. "Ni nyinyi mmeshindwa kuleta waya."

Walicheka zaidi, safari hii wakimcheka mwenzao, na tangu siku ile walimwachia njia.

Uwanja wetu haukuwa uwanja. Ilikuwa ni sakafu ya zege nyuma ya ghala kubwa, pale ambapo zamani shirika la serikali lilinunua mahindi ya wakulima wote wa nyanda zetu. Nikiwa mdogo nilikwenda pale na baba, tukakaa kwenye foleni na magunia yetu kutwa nzima. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaanza kufuata mahindi vijijini na malori yao na mizani zao, shirika likadhoofika kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza, mwisho likabaki na mlinzi mmoja tu aliyelinda popo. Majani yakaota kwenye nyufa za sakafu. Mbuzi wakalala pale.

Kocha aliporudi kutoka nje aliiona ile sakafu, akaleta kisu cha jikoni na kigoda, akaanza kung'oa majani ufa mmoja mmoja. Mlinzi alimwuliza ametumwa na nani. Akajibu, "Wewe unalinda nini?" Mlinzi akafikiri, akaenda kumletea jembe.

Nguzo za goli zilikuwa mabomba ya maji yaliyotupwa. Ubao ulikuwa wa mbao za mninga, mzito kiasi kwamba upepo wa Ufipa haukuutikisa. Ringi mbili tu za mpira wa kikapu ndizo zilizokuwa za kweli. Alikuja nazo kwenye meli, kwenye sanduku moja na raba zake, na nguo zake akazifunga kwenye khanga.

Mimi sikuwa mchezaji mzuri. Nilikuwa na urefu wa kutosha na mikono isiyosikia amri. Miaka yote nilikaa benchi. Wengine wangeona aibu, na mimi niliona, mpaka siku aliponiuliza katikati ya mechi, bila kunigeukia, "Umeona nini?" Nikamwambia yule nambari saba wa upande wa pili anapenda kugeukia kulia, na akichoka anashika kiuno. Kocha akamwita mchezaji wetu wa ulinzi, akamnong'oneza, na yule nambari saba hakufunga tena. "Benchi si adhabu," aliniambia baadaye. "Benchi ni macho. Usilale." Leo mimi ni muuguzi, na kila ninapoingia wodini ninaanza kwa kutazama kabla ya kugusa. Nilifundishwa pale.

Jambo alilolichukia kupita yote ni msichana mrefu anayejikunja. Wengi tulikuwa hivyo. Nyumbani unaambiwa utakosa mume, shuleni unakaa nyuma, barabarani washikaji wanakuuliza huko juu hali ya hewa ikoje. Basi unajifunza kupinda mgongo. Kocha alipita nyuma yetu akatuchoma mgongoni kwa kidole kimoja, kigumu kama mti. "Nyooka. Mungu hakukosea kipimo." Mama yangu alimsikia siku moja akasema yule mwanamke anatufundisha kiburi. Alikuwa sahihi. Ndicho tulichokuwa tunafundishwa.

Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kwetu unapokata masikio, alituita alfajiri tuje na khanga juu ya kaptula, na hizo khanga tuziache kwenye ukuta wa ghala. Tulilalamika. Alisema, "Anayelalamika anapumzika. Nani amechoka?" Tulikimbia.

Jezi tulizitoa kwenye mitumba. Tangu enzi ya ruksa iliyofungulia biashara, marobota ya nguo kutoka Ulaya yalikuwa yanafunguliwa sokoni kila wiki. Humo tulipata fulana za michezo zenye majina ya shule na miji ya huko, kila mtu na lake. Kocha aliziangalia, akatuamuru tuzivae ndani nje. "Hatuchezi kwa majina ya watu," alisema. Tukawa timu ya mishono. Timu za shule nyingine zilitucheka mpaka mechi ilipoanza.

Kuhusu maisha yake ya uchezaji, tulijua kwa vipande. Hakukaa chini akatusimulia. Alitoa kipande hiki leo akifunga kamba za raba, kingine baada ya miezi, na ole wako ukikosea unapokisimulia kwa mwenzio. Hapo ndipo unyenyekevu wake ulipokwisha. Ukisema alifunga pointi kadhaa katika fainali fulani, na ukapunguza, alikusahihisha papo hapo, hata kama alikuwa upande wa pili wa uwanja.

Vipande nilivyoviunganisha ni hivi. Zamani timu kubwa zilikuwa za mashirika ya umma, na mchezaji aliajiriwa kwa jina la karani. Yeye alikuwa karani ambaye hakujua meza yake iko wapi. Alichaguliwa timu ya taifa akiwa msichana, na baada ya muda akawa kapteni. Mwaka mmoja walikwenda nchi ya jirani kwenye mashindano, wakashinda mechi zote mpaka wakafika fainali. Viongozi wa msafara walikaa hotelini. Wachezaji waliwekwa kwenye darasa la shule, wakalala kwenye saruji, khanga chini na khanga juu. Mmoja wao akaanza kutetemeka kwa homa.

Kapteni akaenda hotelini kwa miguu.

"Wachezaji wangu wanahitaji magodoro," akamwambia mkuu wa msafara.

"Kapteni, vumilieni. Fainali ni kesho. Mnacheza kwa ajili ya taifa."

"Taifa linalala wapi leo?"

Yule bwana alikuwa na kijiko cha supu mkononi. Kocha alipofika hapa katika kusimulia alinyanyua mkono wake kuonyesha jinsi kijiko kilivyobaki hewani. Kisha akamwambia kwamba kama magodoro hayataletwa, kesho wasichana watakaa katikati ya uwanja na jezi zao, na mpira utabaki kwa refa. Wakamwita mtovu wa nidhamu. Akarudi darasani akawaeleza wenzake, na wote wakakubali, hata yule mwenye homa. Kesho yake kabla ya adhuhuri lori lilileta magodoro. Walilala mchana kidogo, jioni wakacheza, wakachukua kombe.

"Tuliporudi," alisema, "kombe lilipokelewa kwa ngoma, mimi nikapokelewa kwa adhabu." Alifungiwa kuichezea nchi yake. Haukupita muda shirika lake nalo likaanza kupunguza wafanyakazi kabla ya kuuzwa, na karani asiye na meza hakuwa mgumu kupunguzwa.

Wengi wangeishia hapo. Yeye akaenda Maputo kwa sababu alisikia huko wanawake wanacheza kikapu mpaka viwanja vinajaa. Alifika bila kujua hata neno moja la Kireno, akaomba kufanya mazoezi na timu moja, wakamchukua. Akiwa na timu hiyo alitwaa ubingwa wa vilabu wa Afrika, akachaguliwa mchezaji bora, na baada ya hapo Ureno wakamwita. Alicheza kule miaka mingi. Alikuwa mfungaji bora kwenye ligi yao zaidi ya mara moja. Walimtaka achukue uraia ili aichezee timu yao ya taifa. Akakataa.

"Kwa nini, Kocha?" nilimwuliza. "Na huku wamekufungia?"

"Walionifungia ni watu. Nchi hii si yao peke yao."

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo lililonishangaza. Yeye ambaye akiwataja viongozi wa michezo alitema mate pembeni, kila Jumapili alikwenda misani na ile suti ya michezo ya taifa, ya rangi za bendera, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikaa benchi la mbele. Akina mama waliovaa vitenge vyao walisogea kidogo.

Paroko wetu wakati huo hakumpenda. Alihubiri mara mbili kuhusu mabinti wanaovaa kaptula. Mara ya pili Kocha alimsubiri mlangoni baada ya misa.

"Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Baba, wasichana wangu wakivaa sketi wataanguka. Wakianguka, sketi itapanda juu kuliko kaptula. Wewe unapendelea ipi?"

Paroko akasema si suala la mzaha. Kocha akasema hafanyi mzaha. Waliachana hivyo, na wazazi wawili wakawatoa mabinti zao kwenye timu. Kocha hakwenda kuwabembeleza. Alisema atawasubiri, akacheza na waliobaki.

Baadaye alipita mgeni, padri mzungu mzee aliyekuwa njiani kwenda Zambia, akalala parokiani. Jumapili akasaidia kutoa komunyo. Kocha alipofika mbele yake na ile suti, mzee yule akasahau maneno. Mkono wenye hostia ukabaki umesimama. Misa ilipokwisha akatoka haraka, akamkuta kwenye uwanja wa kanisa, akamwita kwa jina lake la ukoo, jina ambalo hata sisi tulikuwa hatulitumii, na akaanza kuongea Kireno huku machozi yanamtoka. Kocha naye akamjibu Kireno. Tulisimama midomo wazi. Hatujawahi kumsikia akiongea vile, haraka na laini, kama mtu mwingine amekuja kukaa ndani yake.

Paroko aliuliza kuna nini. Padri mgeni akamweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba huko kwao, kaka zake walikuwa wanafunga duka mapema ili wakamwone mwanamke huyu akicheza. Kwamba jezi yake imetundikwa juu kwenye ukumbi wa klabu, na hakuna msichana mwingine anayeruhusiwa kuvaa nambari ile. "Na nyinyi," alimwambia Paroko, "mnaye hapa, anakaa nanyi."

Paroko hakuhubiri tena habari za kaptula. Wale mabinti wawili wakarudi. Kocha aliwapokea kwa kuwakimbiza mbio za ziada.

Sitaki mumwone kama mtakatifu. Karata alikuwa anaiba waziwazi. Jirani yake, mjane aliyeuza migebuka mikavu, samaki wa ziwani, alicheza naye kila Jumamosi na kila Jumamosi wakagombana. Raba zake alizisugua kwa chaki kama mtoto wa kike anayekwenda dansini, na ukizikanyaga hakukusamehe wiki nzima. Alikuwa na upendeleo pia. Msichana mwenye kipaji, Kocha alimsumbua kuliko sisi wengine, akamliza, akamfukuza, akamfuata kwao kumrudisha. Kipenzi chake kikubwa alikuwa binti wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, msichana mweusi mwembamba aliyeweza kuruka kana kwamba ardhi inamchoma.

Na baba yake huyo ndiye aliyenunua ghala.

Mali za shirika zilikuwa zinauzwa, na yule mzee alikuwa na uwezo. Watu walimwita Tajiri, naye hakuwa mtu mbaya. Alianza kwa kununua ulezi kijiji kwa kijiji hadi Chala na kwingineko, akalala chini ya lori lake miaka. Ghala lilipokuwa lake, sakafu nayo ilikuwa yake. Alitaka kuijengea ukuta na kuweka mashine za kukoboa. Alikuja mwenyewe uwanjani kumwambia Kocha, jambo ambalo wengi wasingelifanya.

"Kocha, mimi nimenunua kihalali."

"Najua, mzee."

"Sikufukuzi kwa ubaya. Nitaandika jina lako kwenye ukuta, kwa herufi kubwa. Kila anayepita ajue hapa alifundisha bingwa."

"Mzee," Kocha akasema, "sitaki jina langu kwenye ukuta unaozuia watoto."

Alikwenda ofisi zote. Nilimsindikiza baadhi ya siku, kwa sababu goti lake lilikuwa limeanza kumzidi. Goti ndilo lililomtoa Ureno na kumrudisha nyumbani. Kila ofisi walimpa kiti na soda. Kila ofisi walimwambia wanajivunia yeye. Mmoja alimwomba apige naye picha. Kuhusu uwanja, walisema serikali sasa haifanyi tena biashara, mali imekwenda kwa mwenyewe, labda aandike maombi ya kiwanja kingine. Tukitoka nje, Kocha aliimwaga ile soda kwenye maua ya ofisi.

Siku lori la matofali lilipokuja, sisi tulikuwa tunacheza. Kocha alikuwa ametugawa timu mbili na yeye mwenyewe akawa refa. Lori likasimama langoni, limepakia mpaka juu, Tajiri amekaa mbele na dereva. Dereva akapiga honi. Kocha hakugeuka. Akapiga filimbi ya faulo, akaonyesha mkono, mchezo ukaendelea.

Binti wa Tajiri alikuwa na mpira. Alimwona baba yake. Sote tulimwona akimwona. Akasita kidogo, kisha akadunda, akapita watu wawili, akaruka na kufunga, na alipotua hakutazama kule langoni.

Dereva akapiga honi tena. Nikamwona Tajiri ananyoosha mkono akamshika dereva bega. Injini ikazimwa. Wakakaa pale ndani ya lori wakitutazama mpaka mwisho, na hakuna aliyetuambia tufanye haraka. Nilikuwa benchi, kwa hiyo nilimwona vizuri. Yule mzee alikuwa anaangalia miguu ya binti yake kama mtu anayeona kitu chake kwa mara ya kwanza.

Filimbi ya mwisho ilipolia tulijikusanya. Wengi tulikuwa tunalia, na wengine walikuwa wametazama chini. Kocha alitupitia mmoja mmoja na kile kidole.

"Inueni vichwa. Tumefungwa. Hatujakosea."

Halafu akaomba ngazi. Ni Tajiri mwenyewe aliyeileta kutoka ghalani. Kocha akapanda na goti lake bovu, spana mkononi, akafungua ringi zake zote mbili, akashuka nazo, moja kila bega, akaenda nyumbani. Tajiri alimwambia, "Kocha, nakuletea gari." Aliendelea kutembea. Lori likaingia.

Watu walidhani amekwisha. Kwa miezi kadhaa alifundisha kwenye viwanja vya shule za watu, kwa ruhusa ya leo ndiyo kesho hapana. Mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda chuo cha uuguzi, lakini jirani yake wa migebuka ndiye aliyenisimulia jinsi alivyohama.

Alikuwa sokoni asubuhi. Lori la matikiti kutoka bondeni, chini ya nyanda zetu, lilikuwa linashusha. Kijana juu ya lori alikuwa anarusha matikiti, na chini msichana wa Kisukuma, mrefu, pekupeku, alikuwa anayadaka na kuyaweka chini. Alikuwa anaongea na mwenzake huku anadaka. Hakuwa anatazama hata. Kocha akaacha nyanya alizokuwa anachagua.

"Binti, umetoka wapi?"

"Muze."

"Huko wapo wengine kama wewe?"

Msichana akacheka. "Kama mimi vipi, mama?"

"Warefu. Wenye mikono."

"Mimi ndiye mfupi nyumbani."

Wiki ile ile Kocha akateremka bondeni na ringi zake. Babake yule msichana alikuwa mfugaji aliyehamia kule na ng'ombe wengi, na hakuwa na haja na mpira wowote. Kocha alimwendea asubuhi, akamwamkia kwa Kisukuma alichojifunza njiani kwenye gari: "Mwangaluka." Mzee akaitikia, akampa kigoda. Alipoelezwa, akasema binti yake ana kazi ya ng'ombe.

"Na mimi nina kazi naye ya mpira," Kocha akasema. "Asubuhi ya ng'ombe, jioni yangu. Ukiona ng'ombe amekonda, nifukuze."

Mzee akasema atamchunguza ng'ombe kwanza. Alimchunguza, nadhani, mpaka leo, kwa sababu hakumfukuza. Uwanja ulitengenezwa kwa udongo wa kichuguu, ukamwagiwa maji, ukapigwa kwa miguu ya ng'ombe mpaka ukawa mgumu. Wasichana wa Kifipa na wa Kisukuma walicheza pamoja, wakati wazazi wao walikuwa wanagombana kila msimu habari za mifugo na mashamba. Mwaka wa pili timu ya Muze ikapanda mjini, ikaifunga timu ya shule kubwa. Walicheza pekupeku. Kocha alisimama pembeni na suti yake ya taifa, ambayo sasa ilikuwa imepauka, na watu wa ofisi wakaja kumpa mkono. Aliwapa.

Mara ya mwisho nilipokaa naye muda mrefu ilikuwa hospitalini mjini, nilikokuwa nimepangiwa wodi ya wanawake. Aliletwa kutoka Muze kwenye gari la mizigo. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla polepole bila yeye kuupa nafasi ya kusikilizwa, na kidonda cha kidole cha mguu kilikuwa kimepanda mpaka juu ya kifundo. Nilifungua bandeji, nikatazama kabla ya kugusa. Nilijua.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Kocha, subiri daktari aje."

"Nimekuuliza wewe, Sista."

Nikamwambia mguu hauna budi kukatwa. Niliogopa, maana nilimjua. Huyu ndiye mtu aliyewakatalia wakubwa wake, wazungu, padri, tajiri na serikali. Nilijipanga kumsihi. Daktari wetu, kijana mpole, alikuja akaanza kumweleza kwa kuzunguka, akitaja damu na mishipa na uwezekano. Kocha akamkatiza.

"Usipokata, nitatoka lini?"

Daktari akanitazama. Kisha akamtazama yeye. "Hutatoka, mama."

"Na ukikata?"

"Kidonda kikipona vizuri, wiki chache."

"Basi kata. Unachelewa nini?"

Nilikwenda kwenye chumba cha vifaa nikalia. Mguu ule nilikuwa nimeuona ukipanda ngazi na spana. Nilipokuwa nalia ndipo nilipoelewa kwamba maisha yake yote nilimdhania mtu wa kukataa, kumbe alikuwa mtu wa kuchagua. Alikataa kila kilichomwondoa uwanjani, na mguu huu sasa ulikuwa unamwondoa.

Walimkata chini ya goti. Alipata homa, ikapita. Alikataa kulishwa. Aligombana na mpishi kuhusu ugali. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliopinda mgongo wakijifunza kutembea aliwakemea wanyooke, na mmoja wao, bibi kutoka kijijini, akaniuliza yule mama ni mkubwa gani wa hospitali.

Karibu na siku ya kuruhusiwa alikuja kijana mmoja wa redio na kinasa sauti. Alikuwa amesikia kwamba mchezaji yule yupo wodini. Akaamkia vizuri, akavuta kigoda, akasema wasikilizaji wangependa kusikia mafanikio yake yote, tangu mwanzo, kwa ajili ya kumbukumbu. Kocha alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali ya ile suti imekunjwa na kupigwa pini chini ya goti, magongo yameegemea ukuta.

"Mama, kwanza tuanzie enzi zako. Wakati ule ulipokuwa ukicheza..."

"Enzi zangu zipi?"

Kijana akasita. "Zile za zamani. Ubingwa, Ureno..."

"Hayo yapo. Waulize Wareno, wameyatundika ukutani." Akanyoosha mkono akavuta gongo moja, kisha la pili. "Mimi nina timu. Ina mechi mwezi ujao, na mlinzi wangu wa kati anaogopa kuruka. Ukitaka habari, hiyo ndiyo habari."

Kijana alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Kocha akaniangalia.

"Sista, kuna gari la Muze leo?"

"Kocha," nikasema, "ile barabara ya kuteremka bondeni unaijua. Kidonda bado kibichi. Huwezi."

Alikuwa tayari amesimama. Aliyumba, nikanyoosha mikono, akaisogeza kwa kiwiko. Akanyooka mpaka nikalazimika kuinua uso ili kumtazama.

"Sikuuliza kama naweza," akasema. "Nimeuliza kama kuna gari."

Nikavua aproni, nikaenda stendi kuulizia.